Kuacha Pombe ni Lindo la Zamu



Katika wilaya ya Dowa, nchini Malawi, mwendo wa kilomita zipatazo 40 na ushei kaskazini ya mji mkuu wa Lilongwe, pana mahali paitwapo Dzaleka. Leo hapo ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994. Wamo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha sokoni na kisimani. Kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza lililoogopwa. Jina lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kichewa lenye maana ya "nitaacha". Ni kauli ya mfungwa aliyechoshwa na adhabu: nitaacha, sitarudia tena.

Neno hilo "nitaacha" twalisikia pia mahali pengine. Hulitamka asubuhi mtu aliyelewa usiku, anapoulizwa na mkewe mshahara umekwenda wapi. Hulitamka askari aliyefika gwaride amechelewa, macho mekundu, mbele ya afande wake. Naye hulitamka kwa moyo wa kweli. Hadanganyi. Lakini jua likitua, kiu hurudi, na ahadi ya asubuhi huwa haina wa kuisimamia. Mazungumzo ya leo yanahusu njia moja iliyokwisha kuwasaidia watu wengi duniani kutoka katika "nitaacha" na kuingia katika "sinywi leo". Njia hiyo ni kikundi cha watu waliopatwa na tatizo lilelile, wanaokutana mara kwa mara ili kusaidiana. Tutaeleza jinsi ya kukipata kikundi hicho, mambo yanayofanyika ndani yake, na la kufanya pale ambapo hakipo.

Kwa nini tuyazungumze haya na askari? Kwanza, kwa sababu ulevi ni adui mkubwa kwa hesabu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Pili, askari amekabidhiwa silaha, funguo za mahabusu, usukani wa gari na maisha ya wenzake. Mkono wa fundi viatu ukitetemeka, kiatu ndicho kiharibikacho. Mkono wa askari ukitetemeka, huenda mtu akafa. Tatu, maisha ya askari yana mambo yanayoikaribisha chupa: kuwa mbali na nyumbani, kuona maiti na damu, usiku mrefu wa doria, na mazoea ya kwamba mwanamume hasemi kinachomuumiza. Mwenye jeraha la risasi hupelekwa kwa mganga mbio. Mwenye jeraha la ulevi hufichwa na wenzake, na mara nyingi humficha nafsi yake mwenyewe.

Sasa mtu atajuaje kama amefika mahali pa kuhitaji msaada? Mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne mafupi ambayo waganga wanayatumia hata leo. Je, umewahi kuona kwamba yakupasa upunguze kunywa? Je, umewahi kuchukizwa na watu waliokusema kwa ajili ya unywaji wako? Je, umewahi kujiona mwenye hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi mara tu ulipoamka, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana? Mwenye kujibu "ndiyo" kwa maswali mawili au zaidi anapaswa kuonana na mganga. Maswali hayo hayahitaji karatasi wala shahidi. Mtu aweza kujiuliza akiwa peke yake kitandani.

Hapa lipo jambo moja la hatari ambalo hapana budi lisemwe mapema. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafla akiwa peke yake. Mwili uliokwisha kuizoea pombe hufanya fujo inapokosekana. Katika saa za kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka na usingizi humkimbia. Katika siku mbili tatu zinazofuata aweza kuanguka kwa degedege, au kuona na kusikia vitu visivyokuwapo, na hali hiyo huweza kuua. Hospitalini huzuilika kwa dawa kama diazepamu, pamoja na vitamini B1 ambayo mlevi huwa amepungukiwa nayo. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni wa mganga, na mlango wa pili ni wa kikundi.

Askari polisi mnaolinda mahabusu, jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee. Mtu aliyekamatwa Ijumaa kwa ulevi, ambaye Jumapili anaanza kutetemeka na kuzungumza na watu wasioonekana, hafanyi maigizo ili aachiwe. Huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku huohuo. Mlinzi anayelijua hilo aweza kuokoa maisha, na pia kujiepusha na kuulizwa kwa nini mtu alifia mikononi mwake.

Turudi sasa kwenye vikundi. Kilicho mashuhuri kupita vyote kinaitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajana majina, na kwa kifupi A.A. Yafaa askari wajue kwamba mmoja wa waasisi wake wawili alikuwa askari. William Wilson, Mmarekani, alikuwa ofisa wa mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ni katika siku za uofisa ndipo alipoanza kunywa. Baada ya vita alifanya kazi ya mambo ya fedha, akapanda, kisha pombe ikamwangusha. Aliacha kunywa mwezi Desemba 1934. Mwezi Mei 1935 alisafiri kikazi hadi mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, na shughuli iliyompeleka ikavunjika. Alibaki peke yake hotelini, baa ikiwa hatua chache kutoka aliposimama. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu, akawapigia watu wa makanisa akiomba wamkutanishe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na tabibu wa upasuaji, Robert Smith, ambaye naye pombe ilikuwa ikimmaliza. Wanachama wa A.A. huihesabu tarehe 10 Juni 1935, siku tabibu huyo alipoacha kunywa, kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama chao.

Tuangalie vizuri alichokitafuta Wilson siku ile. Hakuomba mshauri wala mhubiri. Alimtafuta mwenzake mwenye shida ileile, kwa sababu alikwisha tambua kwamba anapomsaidia mwingine asinywe, yeye mwenyewe hupata nguvu ya kutokunywa. Huo ndio msingi wa jambo zima. Mwaka 1939 walichapisha kitabu kilichoeleza hatua zao kumi na mbili, na tangu hapo mikutano ya aina hiyo imeenea katika mabara yote.

Mkutano wenyewe ni wa kawaida kabisa. Watu hukutana katika chumba cha shule, cha kanisa au cha hospitali, kwa muda wa saa moja hivi. Mmoja wao huongoza, na uongozi huo hupokezanwa. Kila asemaye hujitaja kwa jina lake la kwanza tu, kisha hueleza ilivyokuwa alipokuwa akinywa, kilichotokea, na anavyoishi sasa. Wengine husikiliza. Hakuna kukatana kauli, hakuna kuhojiana, wala hakuna hukumu. Mgeni halazimishwi kusema. Akitaka kukaa kimya mkutano mzima, ni haki yake. Hakuna kiingilio wala ada; mwenye kitu hutoa kidogo kwa ajili ya chai na chumba. Hakuna daftari la majina linalopelekwa kwa mwajiri. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Mwanachama mpya hushauriwa kuchagua mmoja wa waliotangulia awe mlezi wake, mtu wa kumwendea au kumpigia simu saa ile kiu inapombana.

Na hapa ndipo askari atakapoielewa njia hii upesi kuliko raia. Askari aliyepangwa lindo haapi kwamba atasimama langoni maisha yake yote. Angeambiwa hivyo, angekata tamaa kabla ya usiku wa manane. Hupewa saa zake, hupewa mwenzake, na hujua ni nani atakayempokea. Vivyo hivyo anayeacha pombe katika kikundi hasemi kwamba hatakunywa mpaka kufa. Husema, leo sinywi. Kesho atasema hivyo tena. Anayeteleza hurudi kikundini, huhesabu upya kuanzia siku ya kwanza, wala hafukuzwi. "Nitaacha" ni ahadi kubwa iliyobebwa na mtu mmoja. "Sinywi leo" ni zamu, na zamu ina wenzake.

Je, njia hii inafaa kweli, ama ni maneno matamu tu? Mwaka 2020 wachunguzi wa mtandao wa kitabibu uitwao Cochrane walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba wagonjwa walioongozwa kwa utaratibu maalumu hadi wakaingia katika A.A. walidumu bila kunywa kabisa kwa wingi zaidi kuliko waliopewa tiba nyingine za mazungumzo, na katika vipimo vingine hawakuwa nyuma yao. Kikundi hakimponyi kila mtu. Lakini hakina bei, hakihitaji dawa ya kuagizwa ng'ambo, na chaweza kuendelea miaka na miaka baada ya mgonjwa kutoka hospitalini.

Swali linalobaki ni la mahali. Tuchukue mfano wa Malawi, nchi ambayo askari wetu wengi wanaijua kwa ujirani na kwa ushirika wa kazi. Nathenje ni kituo cha biashara kusini ya Lilongwe, kando ya barabara kuu ielekeayo Dedza. Dzaleka iko kaskazini ya mji huohuo. Mtu wa Nathenje na mtu wa Dzaleka hawakutani njiani, lakini wote wawili huishia Lilongwe wanapotafuta tiba kubwa. Mtu wa Nathenje na aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, aseme wazi kwamba shida yake ni pombe. Asiseme ni malaria, wala asiseme ni vidonda vya tumbo. Kutoka hapo aweza kuelekezwa Lilongwe, iliko Hospitali Kuu ya Kamuzu, na ambako pia zipo huduma za afya ya akili za Saint John of God, taasisi ya Kikatoliki iliyoanzia Mzuzu na ambayo hutibu pia walionaswa na pombe. Kwa hali nzito zaidi ipo Hospitali ya Magonjwa ya Akili ya Zomba. Katika milango hiyo ndipo pa kuulizia: je, waliotoka hapa hukutana wapi, siku gani na saa ngapi?

Mkimbizi wa Dzaleka ana ugumu wa ziada. Sheria za Malawi hazimruhusu kuishi na kufanya kazi popote apendapo, na mwaka 2023 Serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 ikazidi kubanana. Mtu aliyekuwa na duka katika kituo cha biashara cha namna ya Nathenje, kisha akajikuta kambini bila kazi, na kachasu ikiuzwa kwa bei ndogo, ana sababu nyingi za kunywa na nauli haba ya kwenda Lilongwe. Kwa mtu kama huyo msaada hauna budi kutoka kwa walio karibu. Kambini kipo kituo cha afya, pa kuanzia. Kisha kumbuka kwamba A.A. yenyewe ilianza na watu wawili. Watu wawili wanaotaka kuacha, chumba cha kuazima, siku moja ya juma isiyobadilika, na lugha wanayoielewa wote, hayo yanatosha kuanza. Dzaleka si mahali pa watu wasiojua kujipanga. Tangu mwaka 2014 wakazi wake wamekuwa wakiandaa tamasha la Tumaini linalovuta wageni kutoka nje ya Malawi, na wana redio yao ya jamii iitwayo Yetu. Wenye uwezo huo hawashindwi kupanga viti kumi katika duara.

Kwa walioko kwetu na kwa majirani, milango ipo pia. Dodoma ina Hospitali ya Mirembe na Dar es Salaam ina Muhimbili. Nairobi ina Hospitali ya Mathari, na mikutano ya A.A. hufanyika mjini humo. Zanzibar inastahili kutajwa peke yake. Tangu mwaka 2009 hivi zimefunguliwa huko nyumba za kupata nafuu, maarufu kwa jina la nyumba za soba, hasa kwa ajili ya vijana walionaswa na dawa za kulevya. Humo hatua kumi na mbili zilizozaliwa Ohio zimesemwa kwa Kiswahili, na watu waliolelewa katika Uislamu wamezifuata bila kuona kwamba wanaombwa kubadili dini. Hatua hizo humtaja Mungu kama kila mtu amjuavyo, na kumwachia mtu imani yake.

Yapo mapingamizi ambayo askari huyatoa, nayo yajibiwe. La kwanza ni siri: "Nikionekana pale, cheo changu kimekwisha." Lakini tuulize, ni nani asiyejua sasa? Mwenye duka la pombe anajua, majirani wanajua, na kikosi kizima kinajua. Kinachofichika ni juhudi ya kupona peke yake. Na kanuni ya kikundi ni kwamba linalosemwa chumbani hubaki chumbani. Anayeogopa kukutana na watu wa kikosi chake aweza kuchagua mkutano wa mtaa mwingine. La pili ni la majivuno: "Mimi si kama wale." Aende mara moja na asikilize. Huenda akamsikia mwalimu, dereva au mama wa watoto wanne akieleza jambo alilodhani limempata yeye tu. La tatu ni la mtu aliyekwenda mara moja, asipendezwe, akaacha. Huyo na ajaribu mara kadhaa, na mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa vikundi hutofautiana kama vikosi vinavyotofautiana.

Kwa makamanda tuna neno pia. Kulewa kazini ni kosa katika jeshi lolote, na hatusemi nidhamu ilegezwe. Lakini adhabu peke yake huzaa "nitaacha" nyingine. Askari anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada apelekwe kwa mganga, silaha yake irudishwe ghalani katika siku zile za mwanzo, na ratiba yake impe saa moja ya mkutano kila juma. Saa hiyo ni ndogo kuliko siku anazopoteza kwa kulewa. Mke wake na watoto wasisahauliwe. Tangu mwaka 1951 kipo chama kiitwacho Al-Anon, ambamo ndugu za walevi hukutana wao kwa wao, kwa sababu nyumba ya mlevi huugua nzima. Na kwa polisi wanaovunja mitambo ya gongo na kachasu, kazi hiyo ni ya lazima. Tanzania ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, madhara mengi yalizuiwa. Hata hivyo kiroba hukamatwa, kiu haikamatwi. Polisi anayemwaga pombe leo na amwelekeze mnywaji pa kwenda kesho.

Mwezi Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa, akawa hawezi kujiondoa. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alimwendea katikati ya risasi, akamvuta hadi mahali pa kujikinga, na akaanza kumhudumia. Chitete alipigwa risasi na kufariki, Omary alipona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia Chitete nishani yake ya juu ya ushujaa, yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali. Hadithi hiyo haihusiani na pombe hata chembe. Tunaikumbusha kwa sababu moja: hakuna askari aliyewahi kusema kwamba Koplo Omary alikosa ushujaa kwa kukubali kuvutwa. Aliyeumia huvutwa na mwenzake, hilo ni jambo linalojulikana na kila mtu aliyevaa magwanda.

Basi, ndugu askari uliyejibu "ndiyo" kwa maswali mawili kati ya yale manne, kesho asubuhi nenda kwa mganga wa kikosi au kituo cha afya kilicho karibu, utaje pombe kwa jina lake, na uulize kikundi kinakutana wapi. Ukiambiwa hakuna, mtafute mtu mmoja anayepambana na jambo lilelile, mpange siku na saa. Na wewe ambaye hunywi, lakini unamjua rafiki anayefika zamuni akinuka pombe, acha kumfichia. Mwambie utamsindikiza siku ya kwanza, kisha msindikize kweli hadi mlangoni.